Mamba Muntu amehamia ndani ya simu

Leo sileti habari ya barabara iliyokatika wala ya umeme uliopotea. Nataka tuzungumze juu ya kitu kinachokula nyumba zetu polepole bila bunduki na bila panga: kelele za kutuuzia vitu, na aibu inayokuja pamoja nazo.

Wazee mnakumbuka. Katika miaka ya 1970, ukiingia katika nyumba nyingi za wafanyakazi hapa Likasi, Lubumbashi au Kolwezi, uliona ukutani picha iliyochorwa kwa mkono na kununuliwa kwa mchoraji aliyepita mlango kwa mlango. Picha hizo watu waliziita ukumbusho. Nyingine ilionyesha askari wa Mbelgiji akimpiga mfungwa kwa fimbo. Nyingine ilionyesha mwanamke mzuri, nywele ndefu, nusu mtu na nusu samaki, amekaa kando ya maji. Huyo njo Mamba Muntu. Wale mliotoka upande wa maziwa huenda mnamjua kwa jina lingine.

Hadithi yake kila mzee anaisimulia kwa njia yake, lakini inaishia mahali pamoja. Mamba Muntu anakupa utajiri. Unapata nyumba, gari, nguo, watu wanakusalimu kwa heshima. Kisha siku inafika anadai malipo, na malipo yake hayawi feza. Anataka mtu wako: mtoto, mke, mama aliyekuzaa. Mfanyakazi alitundika picha hiyo sebuleni, mahali wageni wanakaa, na jioni baada ya bukari macho yake yaliipita kila siku. Ilikuwa mapambo, na ilikuwa onyo pia.

Siku hizi picha hizo zimepungua kwenye kuta zetu. Lakini Mamba Muntu hajafa. Amehama majini, ameingia katika kioo kidogo tunachobeba mfukoni.

Tuanze na kioo chenyewe, maana kina damu ya udongo wetu. Anayekaa karibu na barabara kubwa anayaona malori usiku na mchana, yakitoka Kolwezi, yakipita Likasi, yakienda Lubumbashi na mpaka wa Kasumbalesa. Yanabeba shaba na kobalti. Kongo inatoa zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia, na kobalti hiyo inaingia katika betri za simu na za magari. Chuma kinaondoka hapa bila jina, kimefungwa katika mifuko. Kinarudi baada ya miezi kikiwa na jina, na picha ya tunda au nyota mgongoni, na bei inayozidi mshahara wa mwalimu. Kijana wa Kikula anakitazama kwa tamaa kama kitu kilichoanguka kutoka mbinguni, wakati mjomba wake alikichimba kwa mikono, ndani ya shimo, bila kofia.

Simu si kitu kibaya. Familia iliyokimbia inajua hivyo kuliko mtu yeyote. Kwa simu njo unajua kama dada aliyebaki nyuma bado yuko hai. Kwa simu njo mtoto aliyetangulia Lubumbashi anatuma feza ya unga. Hata habari hii, wengine wenu mnaisikia kupitia simu iliyopasuka kioo, mkiwa watu watano mmezunguka. Simu ya namna hiyo inafanya kazi ya mtumishi, na mtumishi mwema anastahili sifa.

Shida inaanza pale simu inapoanza kukuambia wewe ni nani.

Angalieni jinsi kelele zinavyofanya kazi. Asubuhi unaamka na viatu vyako. Jana vilikuwa viatu vizuri, vilikupeleka sokoni na kanisani, havikuvuja. Unafungua simu, unaona mwanamuziki wa Kinshasa amevaa vingine, halafu kijana wa Lubumbashi amemwiga, halafu jirani yako wa Panda amemwiga yule wa Lubumbashi. Mpaka mchana viatu vyako vimekuwa vibaya. Havikupasuka wala hakuna aliyevigusa. Kilichobadilika ni jicho lako. Tangazo la kweli halikuuzii kiatu. Linakuuzia kwanza aibu, halafu kiatu kinakuja kama dawa yake. Na dawa hiyo haiponyi, kwa sababu mwezi ujao kitatoka kiatu kingine.

Mashine zilizo nyuma ya simu zinajua kazi hiyo vizuri. Zinahesabu picha gani ilikusimamisha, ulikaa juu yake muda gani, kisha zinakuletea nyingine kumi za namna ileile. Kampuni zilizozitengeneza zinaishi kwa feza ya matangazo: kadiri unavyotazama, njo kadiri zinavyolipwa. Mega unanunua wewe, mara nyingi kwa bei ya kadogo, kidogo kidogo kama tunavyonunua mafuta na sukari. Kwa hiyo unalipa ili uuzwe. Mfanyabiashara wa soko la Likasi, hata yule mjanja kabisa, hajawahi kufaulu kumtoza mteja feza ya kusikiliza bei.

Na matokeo hayabaki ndani ya simu. Yanafika mezani. Kila mwaka, kabla ya tarehe 8 Machi, kuna nyumba ambako amani inapotea kwa sababu ya kikwembe. Siku hiyo iliwekwa kwa ajili ya haki ya mwanamke: mshahara wake, masomo ya binti yake, usalama wa mwili wake njiani. Lakini swali linalozunguka mitaani ni moja tu: umenunua kile cha mwaka huu? Mama aliyekosa anabaki nyumbani, anajificha siku ya sikukuu yake mwenyewe. Bonane ni vilevile: mtoto asiye na nguo mpya tarehe 1 Januari anafungiwa ndani ya lupango ili wenzake wasimwone. Hata kilio kimeingiliwa. Marehemu alikosa feza ya dawa, lakini siku ya mazishi wanapatikana watu wa kuchapisha fulana zenye picha yake, na asiyevaa fulana anatazamwa kama hakumpenda.

Najua mtu atanijibu: wewe mwandishi, waache maskini wafurahi. Aliyepoteza nyumba, mashamba na mifugo, akipata kitambaa kimoja kipya, unamwonea wivu? Jibu hilo lina uzito, na sitalipita kwa haraka. Kuna watu walioshiba wanaopenda kuwahubiria wenye njaa kwamba vitu havina maana. Hao tusiwasikilize. Umaskini hauna uzuri wowote. Kulala chini ya shiti linalovuja si hekima, ni mateso, na serikali pamoja na mashirika wanadaiwa jibu juu ya hilo. Mama aliyefika hapa na nguo moja mwilini, akivaa kikwembe safi siku ya sikukuu, anajirudishia utu wake mbele ya watoto wake. Hiyo ni haki yake.

Hata mababu zetu walipenda vitu vizuri. Kabla Mbelgiji hajafika, watu wa nchi hii waliyeyusha shaba katika tanuri za udongo, wakaifanya kuwa misalaba. Misalaba hiyo ilikuwa feza. Ilitumika katika biashara na katika mahari. Tazama basi tofauti: msalaba wa shaba ulipotoka mkononi mwa baba wa kijana ukaingia mkononi mwa baba wa binti, familia mbili zilikuwa zimeungana. Kitu kilipita kati ya watu na kikawaacha wakiwa karibu zaidi. Leo kitu kinapita kati yetu na kinatuacha mbali zaidi, mmoja akijivuna na mwingine akijificha. Kwa hiyo swali langu si kama kupenda vitu ni dhambi. Swali langu ni hili: kitu hiki kikiingia nyumbani kwangu, kitanisogeza karibu na watu wangu au kitaniondoa kwao?

Mji wetu unapaswa kulijua jibu, kwa sababu tumekwisha kupita katika shule hiyo. Union Minière ilianzishwa mwaka 1906, na mwanzoni mwa 1967 migodi yake ikachukuliwa na kampuni ya taifa, ambayo baadaye iliitwa Gécamines. Wazee wetu walipewa nyumba, unga, hospitali, masomo ya watoto, hata mahali pa michezo. Walikuwa wakisema kazi njo baba, njo mama. Mtu alipimwa kwa kampuni yake: kitambulisho, redio, baiskeli, baadaye televisheni. Mwaka 1986 Gécamines ilitoa tani zaidi ya 470,000 za shaba. Mwaka 1994 hazikufika 40,000. Mishahara ilikaa miezi bila kulipwa. Kuanzia mwaka 2003, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa kwa mpango uliosaidiwa na Benki ya Dunia, wakapewa feza mara moja, basi. Profesa Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi aliandika juu ya familia za wafanyakazi, wana wa Shaba walioachwa na baba yao.

Ni nani aliyeziokoa nyumba hizo? Hakuwa baba mwenye televisheni. Walikuwa akina mama waliotoka alfajiri kwenda kulima mahindi na mihogo nje ya mji, waliouza makala, sombe na mikate barazani, waliotunza likelemba kumi kumi, kila wiki mmoja anapokea. Baba aliyejipima kwa vitu vya kampuni alianguka pamoja na kampuni, wengine wakafa kwa huzuni kabla ya kufa kwa ugonjwa. Waliosimama ni wale waliokuwa na watu. Likelemba haina matangazo, hakuna mwanamuziki anayeiimbia, lakini watoto wengi waliosoma hapa mjini walisomeshwa nayo.

Sasa nawageukia ninyi mliokimbia, kwa sababu katika jambo hili ninyi ni walimu wetu. Wengine mmetoka Mitwaba na Pweto, mliowahi kuchomewa vijiji na makundi ya silaha. Wengine mmetoka mbali zaidi, mashariki, tangu Goma na Bukavu zilipotekwa mwanzoni mwa mwaka 2025. Ninyi mmeulizwa swali ambalo sisi wengine hatujaulizwa: una dakika kumi, utabeba nini? Ninaposikiliza masimulizi ya waliokimbia, orodha inafanana sana. Watoto. Sufuria. Karatasi za masomo. Shuka. Dawa ya bibi. Hakuna anayesema alirudi ndani kuchukua kitu kwa sababu kilikuwa cha mtindo. Na wanapolia juu ya walichoacha, wanataja mwembe wa uani, kisima, kaburi la baba, jirani aliyekuwa akigonga kila asubuhi kuomba moto. Vyote hivyo havijawahi kutangazwa na mtu yeyote.

Likasi ina kumbukumbu yake katika hilo, hata kama inauma. Mwaka 1992 na 1993, ndugu zetu wenye asili ya Kasai walifukuzwa katika nyumba zao hapa Katanga. Maelfu na maelfu walilala kwenye gare ya Likasi na pembeni yake, wakingoja treni, wengine kwa miezi. Watoto wengi walikufa hapo. Mashine za kushona, vitanda, friji, vitu ambavyo watu walivifanyia kazi miaka ishirini, vilibaki nyuma. Siku ile hakuna friji iliyomtetea mwenyewe. Waliopona, mara nyingi walipona kwa sababu kulikuwa na jirani aliyewaficha, aliyewaletea maji, aliyekataa kuimba wimbo wa chuki. Ukitaka kujua kitu cha thamani hapa mjini, anza na jirani huyo.

Kwa hiyo inaniumiza kuona leo mtoto wa waliokimbia anachekwa kwenye bomba la maji kwa sababu ya kandambili zake. Inaniumiza zaidi kuona mtu analeta kilo mbili za unga na kupiga picha dakika kumi, mama ameshika mfuko, ameambiwa atabasamu, watoto wamepangwa mstari. Unga unaliwa siku moja. Picha inazunguka mwaka mzima, na anayesifiwa ni mpiga picha. Hapo hata huruma imegeuzwa kuwa bidhaa. Msaada wa zamani ulifika jioni, chini ya kitambaa, na aliyepewa aliweza kesho yake kumsalimu aliyempa bila kuinamisha macho.

Nataka sasa niwakumbushe jambo moja la furaha, ambalo vijana wengi wa Likasi hawalijui. Mwaka 1952, mji wetu ukiitwa bado Jadotville, alikuwepo hapa kijana mwenye asili ya Bunkeya, anaitwa Mwenda Jean Bosco. Alikuwa na gitaa moja na vidole vyake. Mwingereza Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika akirekodi muziki wa watu, alimkuta akipiga, akaweka mashine yake. Wimbo mmoja wa siku hizo, Masanga, umeendelea kupigwa na kusomwa na wapiga gitaa wa dunia mpaka leo. Hakukuwa na tangazo, hakukuwa na mavazi ya gharama. Kulikuwa na mtu aliyekaa na gitaa lake mpaka likamsikia.

Mwishoni mwa miaka ya 1950, Mwenda huyohuyo alikwenda Nairobi, na sifa yake ikatumiwa kutangaza Aspro, dawa ya maumivu ya kichwa. Simlaumu, msanii naye anakula. Lakini pimeni wenyewe: vidole ni vilevile, gitaa ni lilelile. Tangazo lilipita na msimu wake. Wimbo uliozaliwa hapa Likasi ungali hai. Kelele zinaweza kukodi uzuri kwa muda. Kuuzaa haziwezi.

Na uzuri huo haukwisha mwaka 1952. Juu ya vilima vyetu vya shaba, mahali ambapo udongo una chuma kingi hata miti inashindwa kuota, kuna ua dogo la rangi ya zambarau na buluu linaloota palepale. Wataalamu wa mimea wanalijua kama ua la shaba, na watafuta madini wa zamani waliliangalia ili wajue shaba iko wapi. Udongo unaoua mimea mingine, lenyewe limeugeuza kuwa nyumba. Sijui picha iliyo bora zaidi ya watu waliolala gare mwaka 1993, au ya mama aliyefika hapa kwa miguu na sasa anauza nyanya. Mvua zikianza, akina mama wanakaa kando ya barabara na mabeseni ya uyoga wa porini, mweupe, mkubwa, unaonukia udongo. Jioni, umeme ukikatika, mbabula zinawaka uani, mtu anasimulia, mtoto analala mgongoni. Wengine wanasubiri umeme urudi ili waanze kuishi. Maisha yamekwisha kuanza, yanapita mbele yao.

Basi tufanye nini? Sitawaambia mtupe simu. Nina mambo matatu tu, na yote yanawezekana hapa Likasi.

La kwanza: kabla ya kununua kitu kwa sababu watu wote wanacho, jiulize swali la waliokimbia. Kama ningepewa dakika kumi, ningekibeba? Kama hapana, feza hiyo iweke mahali pengine kwanza. Masomo ya msingi ya serikali yametangazwa kuwa bure tangu mwaka 2019, lakini daftari, sare na sekondari bado vinataka mkono wa mzazi.

La pili, kwa akina mama wa likelemba na wa makanisa: 8 Machi ijayo, wekeni neno mapema kwamba kikwembe chochote kinakaribishwa, cha zamani, cha kuazima, cha rangi yoyote. Neno hilo likitoka kwa wakubwa wa chama, litafungua milango ya nyumba nyingi. Mama mmoja akivaa cha zamani ni aibu. Mia wakivaa cha zamani ni sikukuu.

La tatu ni letu sote tulio na paa. Kila familia iliyokimbia ina nyimbo, ina mapishi, ina hadithi za huko ilikotoka. Tuwaalike waketi nasi, na wakati wanazungumza simu ikae mfukoni. Hawakufika hapa ili wapigwe picha. Wamefika wakiwa na vitu ambavyo vita haikuweza kuviiba, na sisi tunavihitaji kuliko tunavyodhani.

Mamba Muntu anadai mtu wako kwa kukupa kitu. Wazee waliomtundika ukutani walijua dawa yake: usimpe. Kaa na mtu wako.